Daktari Aliyesikiliza Miguu

Kabla hajakusalimu alikuwa amekwisha kuitazama miguu yako. Wageni walidhani ni haya, kwamba hawezi kumtazama mtu machoni, na wenye roho mbaya walidhani anakagua viatu ili ajue mwenye pesa ni nani. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua anachotafuta. Alitafuta rangi ya vidole, kucha zilizonenepa, nywele zilizokoma kuota kwenye muundi, ngozi iliyoanza kung'aa pasipo mafuta. Akiridhika ndipo macho yake yalipopanda polepole mpaka usoni pako, akakupa mkono na kukuuliza habari za nyumbani.

Tulimwita Daktari, ingawa vyeti vyake vilikuwa vya klinikal ofisa, na yeye mwenyewe hakuchoka kumsahihisha yeyote aliyempa cheo kisicho chake. Hakuna aliyejali. Katika kituo chetu cha afya, kidogo, kando ya barabara ya vumbi la murram iendayo Navakholo, anayekuandikia dawa ni daktari, basi. Mimi nilikuwa muuguzi wake kwa sehemu kubwa ya miaka ya tisini, naye aliniita Sista. Nimewahi kufanya kazi chini ya watu waliokuwa wapole kuliko yeye, na wengi walikuwa nadhifu kuliko yeye. Lakini hakuna mwingine aliyenifanya niwahi kazini ili tu nisikose kuona atafanya nini leo.

Kifaa chake kilikuwa kidogo, ukubwa wa redio ya mfukoni, na waya ulioishia kwenye kitu mfano wa kalamu nene. Alipewa na daktari wa upasuaji wa hospitali kubwa ya mjini, mtu aliyekuwa amechoka kupokea miguu isiyookoleka. Alimfundisha kukitumia, akamwambia akawatafute wagonjwa huko huko vijijini kabla hawajafika kwenye meza yake. Kalamu ile ilitoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyapati. Mawimbi yaliingia mwilini, yakagonga damu inayokwenda, yakarudi, na kile kisanduku kikayageuza kuwa sauti tunayoisikia. Wagonjwa aliwaeleza kwa njia yake: ukimwita mtu aliye ng'ambo ya mto, akiitika unajua yuko na unajua hali yake. Mshipa nao huitwa ukaitika.

Mara ya kwanza niliposikia mshipa wa mguu wangu mwenyewe ukiitika niliona haya, kama mtu aliyesikika akiongea peke yake. Mshipa mzima, alisema, una sauti ya mwanamke anayepepeta nafaka: anarusha, anapokea, anatikisa kidogo, kisha anarusha tena. Mshipa uliobanwa na mafuta na moshi wa tumbaku hauna hayo yote. Unatoa pumzi moja tu, ndefu na dhaifu, ya mtu anayepuliza kuni mbichi.

Kusikia hakukumtosha. Alifunga mkanda wa presha juu ya kifundo cha mguu, akaujaza upepo mpaka sauti ikazimika, kisha akaulegeza hadi sauti iliporudi, na hapo akasoma nguvu ya damu ya mguu. Akafanya vile vile mkononi. Halafu akatoa hukumu, kila siku kwa maneno yale yale: mguu ukilingana na mkono au ukiuzidi, rudi shambani, mkono ukiushinda mguu, keti tuongee. Maneno hayo yalienea hadi yakawatoka wenyewe mikononi. Sokoni mwanamume akibishana na mkewe akashindwa, wenzake walimwambia mkono umeshinda mguu, na akubali kuketi.

Kwa kawaida kalamu ile haifanyi kazi juu ya ngozi kavu. Inataka utelezi maalumu unaotoka dukani, na wetu uliisha mapema, ukaagizwa, usije. Mwingine angelirudisha kifaa sandukuni. Yeye alichemsha unga wa muhogo kwa maji mengi mpaka akapata uji mwepesi unaoteleza, akauacha upoe, akaupaka miguuni mwa watu, na mishipa ikaitika kama kawaida. Wagonjwa walicheka sana. Mzee mmoja alilala chini ya mti uani kwetu siku vyumba vilipojaa, miguu imepakwa uji, na kuku wa jirani akaja kuidonoa. Mzee aliapa kwamba hajawahi kuona hospitali ambapo mgonjwa ndiye anayelisha ingokho. Daktari hakucheka. Alimfukuza kuku, akapaka upya, akaendelea kusikiliza.

Nisije nikamfanya malaika. Mkoba wake ulikuwa jalala: mikanda ya presha imechanganyika na ndizi, na vidonge vimechanganyika na vipuri vya baiskeli. Mtu aliyeweza kungoja mshipa utoe sauti bila kupepesa jicho hakuweza kungoja chai ipoe, na kila siku aliunguza ulimi, kila siku akamlaumu aliyeipika. Aliogopa mbwa. Kanisani aliimba nje ya sauti kwa nguvu zote, na mkewe alijitenga akakaa upande wa pili na kwaya. Wavuta tumbaku aliwakemea bila huruma, hata wazee ambao kwa umri ni baba zake, na kuna waliokataa kabisa kurudi kwetu kwa sababu ya ulimi wake. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba afadhali mtu amchukie akitembea.

Na tena alisikia kwa sikio moja. La kulia liliharibika utotoni kwa usaha, hivyo alipofanya kazi aliinamisha kichwa na kulileta sikio la kushoto karibu na kisanduku, macho yamefumbwa, mdomo wazi kidogo. Ukiingia chumbani wakati huo ungedhani anasali, na wengi walivua kofia.

Dirisha lake lilitazama mwinuko wa barabara, na hapo ndipo nilipoanza kumstaajabia hasa. Alikunywa chai yake ya kuunguza akiwatazama watu wanavyopanda. Siku moja aliniita, akanionyesha mwanamume aliyesimama katikati ya mwinuko, mikono nyuma, akilitazama shamba la jirani kwa makini. Nikasema huyo anapenda mahindi.

"Hatazami mahindi," akasema. "Anangojea mguu."

Mtu yule akatembea, akafika kwenye ua wa mbele, akasimama tena kutazama mahindi mengine. Alipofika kwetu alisema amekuja kwa kikohozi. Daktari alimpa dawa ya kikohozi kisha akamlaza, akampaka uji. Mguu ulishindwa na mkono. Tangu hapo nami nilianza kuwaona: waliosimama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba, waliosimama kuuliza bei ya kitu ambacho hawanunui, waliosimama kutazama mawingu. Misuli ya mguu inapokosa damu ya kutosha inauma mtu akitembea na inatulia akisimama, na binadamu hapendi aonekane amesimama bila sababu. Nilikuwa nimepita njia ile miaka mingi kabla ya hapo na sikuwa nimeona kitu.

Kilichomsukuma alinieleza mara moja tu. Zamani kidogo, kifaa kikiwa bado kigeni mikononi mwake, aliletewa mpakia miwa kutoka Matungu, mtu wa kifua kipana, mguu wa kulia baridi na mweusi vidoleni. Nyumbani walisema amekanyaga kitu alichotegewa njiani, na kwa sababu mguu ulikuwa baridi waliupasha moto kwa majivu ya jikoni, siku baada ya siku. Mguu usio na damu hausikii moto, uliungua wakiutazama. Daktari aliweka kalamu nyuma ya kifundo, akaweka mgongoni mwa unyayo, akaweka nyuma ya goti. Kimya. Alirudia kila mahali, mpaka mgonjwa mwenyewe akamwambia aache. Walimkata juu ya goti kule mjini. Daktari aliendelea kumtembelea kwa baiskeli, akimpelekea sukari na majani, na hakuwahi kumwambia kwa nini anakuja. Tangu siku ile hakutaka tena kungojea kidonda. Alitaka kumsikiliza kila mwenye umri mkubwa, kila mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye tumbaku, hata kama amemsindikiza tu mtoto kuchanjwa. Wenzetu wa vituo vingine walimcheka kwamba anatibu wasiougua.

Sasa nifike kwa mama mkwe wake.

Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja hupisha na kugeuza uso. Si chuki; ni heshima, na kubwa kuliko nyingine zote. Mama huyu aliishi upande wa pili wa Navakholo, na sifa yake ilikuwa salamu. Alisimama kwa kila mtu. Alisimama kwa fundi cherehani, kwa wauza ndizi, kwa wapagazi wa miwa, akauliza watoto, akauliza ng'ombe, akauliza mvua. Watu walimpenda kwa hilo. Kanisani alitajwa kuwa mfano wa upendo.

Jioni moja nyumbani kwao Amalemba, mke wa Daktari alikuwa akipakua obusuma, ugali wetu, akasimulia kwa furaha jinsi mama yake siku hizi alivyozidi kupenda watu. Hata walevi anasimama kuwasalimia, hasa pale penye mlima. Daktari, mkewe alinihadithia baadaye, aliweka chini tonge lililokuwa mkononi. Akauliza tangu lini. Akauliza kama miguu yake ni ya baridi. Mkewe akasema ndiyo, ni ya baridi sana, hata juzi ameilaza karibu na mafiga akajiunguza kidole bila kujua. Daktari hakula tena.

Mama alikataa kuja kituoni. Alisema heri kidole kioze kuliko mkwe wake amwone mguu. Alikataa pia mjini, kwa kuwa waliokwenda mjini na miguu miwili aliwajua walivyorudi. Binti yake alilia, wajomba walitumwa, mchungaji alitumwa. Kidonda kilikuwa kinapanuka. Asubuhi moja Daktari aliniambia nichukue kifaa, chupa ya uji na mkanda wa presha. Nikamuuliza atamwonaje. Akasema hatamwona.

Mimi na mke wa Daktari tuliingia chumbani kwa mama, tukamlaza. Daktari alibaki nje, kwenye kiti alichowekewa chini ya dirisha, mgongo ukutani, sikio la kushoto juu. Nilifungua sauti ya kisanduku mpaka mwisho. Nilikuwa nimemtazama akifanya hivi kwa miaka, na kutazama si kufanya.

"Sista," sauti ikatoka nje, "muulize mama kama miguu inauma akiketi ama akitembea."

Mama alikuwa amesikia sawasawa na mimi. Hata hivyo alingoja, akitazama dari, mpaka nikalirudia swali lote. Ndipo akanijibu, mimi si yeye. "Mwambie mkwe wangu haiumangi nikikaa. Inaumanga nikipanda. Nikisimama kidogo, inaachanga."

Nikarudia kwa dirisha. Halafu swali moja likanitoka mwenyewe. Nikamuuliza kama ndiyo sababu ya salamu zote zile.

Akanigeukia. "Sasa nisimame tu kwa njia kama ng'ombe? Watu watasema nini? Mtu akisimama lazima asalimie."

Binti yake alifunika mdomo kwa leso.

Mguu wa kushoto uliitika vizuri kiasi. Wa kulia, wenye kidonda, nilipoweka kalamu nyuma ya kifundo haukusema neno. Nilisogeza juu, nilisogeza chini. Kimya. Nilijua anachokumbuka yule aliyekaa nje.

"Usibonyeze," akasema taratibu. "Unauziba. Inua mkono. Laza kalamu kidogo. Sasa rudi nyuma, polepole."

Nikafanya. Palikuwa na mkwaruzo, kisha kimya, kisha kitu chembamba sana, pumzi ya mtu aliye mbali. Sikuwa na hakika. Mimi niliyeshika kalamu, mwenye masikio mawili, sikuwa na hakika.

"Upo," akasema nje ya ukuta.

Nimewahi kuona watoto waliodhaniwa wamekufa wakipiga chafya, na sikuguswa kama nilivyoguswa na neno lile moja. Mtu hajauona mguu wala hajaugusa, heshima ya watu wake haijavunjika hata kidogo, na ameukuta uhai ndani yake kwa sikio moja kupitia dirishani. Tulipima presha. Akanituma nimwambie mama kwamba mkono umeshinda.

"Hiyo maneno nimesikianga sokoni," mama akasema. "Haya. Tuongee."

Basi wakaongea, mimi nikiwa katikati kurudia maneno ambayo kila mmoja alikuwa amekwisha kuyasikia. Miguu isikaribie moto tena, avae soksi. Kidonda nitakuja kukiosha mimi. Vidonge vya presha na vya kulainisha damu, kila siku. Atembee mpaka mguu uume, asimame, atembee tena, kila siku mbele zaidi ya jana. Yote hayo alikubali. Likabaki la tumbaku. Alivuta sigara kama wanawake wa rika lake wanavyovuta, moto ukiwa ndani ya mdomo, na alikuwa amevuta hivyo tangu ujana.

Aligusa fundo la leso yake. Kisha akasema, "Mwambie mkwe wangu anaitisha kitu kubwa kushinda ng'ombe zote alileta hapa."

Nikarudia. Niliona kivuli cha kichwa chake kikiinama dirishani.

"Mwambie mama," akasema, na sauti haikuwa ile ya kukemea wavuta tumbaku, "kuna mtu nilitafuta sauti ya mguu wake nikaikosa. Sitaki kuja kuikosa ya mama."

Safari hii mama hakungoja nirudie. Alifungua fundo la leso, akatoa sigara zake na kibiriti, akaniwekea mkononi, akasema nimpelekee. Nilizipitisha dirishani. Daktari alizipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake, bila kugeuka.

Kidonda kilichukua muda. Niliona mfupa siku moja na sikumwambia mtu isipokuwa Daktari, naye akazungumza na yule mpasuaji wa mjini, ambaye alikubali kungoja kidogo. Mahindi yalipoanza kubeba, kidonda kilifunga. Kucha haikuota tena pale, lakini kidole kilibaki, na mguu ukabaki.

Daktari aliacha kazi karibu na mwisho wa muongo ule. Watu walidhani ni umri. Ukweli ni kwamba siku moja, akiwa amemwinamia mgonjwa, aliniuliza kama nasikia chochote. Mguu ulikuwa unapepeta chumba kizima. Akaniuliza tena. Nilipomwambia nasikia vizuri, alifuta uji kwenye kalamu kwa kitambaa, akaukunja waya kwa uangalifu ambao mkoba wake haukuwahi kuuona, akaniwekea kifaa kiganjani.

Mara ya mwisho tulipokutana katika miaka ile ilikuwa siku ya soko, Navakholo. Nilikuwa nimeweka benchi langu la kupimia miguu kando ya barabara, kisanduku mezani, chupa ya uji pembeni. Alikuja akikokota baiskeli, amekonda, kofia yake ya siku zote kichwani. Alitazama miguu yangu kwanza, kisha akanipa mkono. Tulizungumza, yaani nilipiga kelele kwenye sikio la kushoto naye akajibu alichodhani nimesema.

Ghafla akanisukumia baiskeli. Alikuwa ameona leso fulani chini ya mwinuko. Akashuka barabarani, akaingia ukingoni mwa shamba la miwa, akatupa mgongo, kama desturi inavyotaka.

"Sista," akasema kwa sauti kubwa ya wasiosikia, hadi watu wakageuka. "Amefika kwa fundi cherehani?"

Nikasogea karibu na sikio lake, nikamwambia amefika.

"Amesimama?"

Mama alikuwa na kikapu kichwani, amevaa soksi na viatu vya mpira. Fundi cherehani alimwita, naye akamjibu huku anakwenda. Akawapita wauza ndizi. Akaja mpaka usawa wangu, akaiona kofia kwenye miwa, akageuzia uso upande mwingine, lakini hakupunguza mwendo.

"Mulembe, Sista," akasema. "Na umwambie mkwe wangu mulembe." Na akaendelea kupanda.

"Hajasimama, Daktari," nikasema. "Amekusalimu. Amepita."

Mwuza ndizi aliyekuwa karibu nami alimsindikiza kwa macho, akasonya. "Huyu mama alikuwa mtu mzuri sana," akasema. "Zamani alikuwa anasimamanga na kila mtu. Siku hizi ako na maringo."

Nikamrudia Daktari maneno hayo sikioni, yote, kama nilivyozoea. Alikuwa bado ameielekea miwa, mikono nyuma.

"Wacha aringe," akasema.

Alibaki hivyo mpaka nilipomwambia ameshapita kona. Ndipo akarudi barabarani na kuchukua baiskeli yake.